Una kadi ya NHIF na umeandikiwa CT skani au MRI? Soma hapa kabla hujapanda gari

Mwaka 2024 mama yangu alianza kuumwa mgongo, mwanzoni tukasema ni jembe tu, mama zetu hawa wakiumwa mgongo kila mtu anasema ni jembe, lakini ikafika mahali mguu wa kushoto unakufa ganzi kuanzia kwenye kalio mpaka kidole gumba, akikaa kwenye kigoda hawezi kuinuka mpaka ashikwe mkono. Yeye yuko Sengerema, mi niko Mwanza mjini, na kwenye kadi yangu ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya hapa Tanzania, yeye ni mtegemezi. Akaandikiwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ya uti wa mgongo sehemu ya kiunoni. Enzi hizo daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa, kwahiyo tukamvusha na kivuko cha Kamanga, nikampeleka moja kwa moja kwenye kliniki moja pale mjini kwa sababu nilishaona mlangoni wamebandika stika kubwa ya NHIF. Tumekaa kwenye benchi tangu saa 2 asubuhi, saa 5 ndo tunaitwa dirishani, yule dada akaangalia karatasi akaangalia kadi akasema, "Kaka, NHIF tunapokea ya kumuona daktari na maabara, mionzi haimo kwenye mkataba wetu. Labda ulipe keshi." Keshi yenyewe laki nne na nusu.

Pale ndo nikajifunza kwamba swali la "mnapokea NHIF?" ni swali bovu. Kila mtu atakujibu ndiyo. Swali ni kama kipimo HIKI, kwa kadi HII, kinafanyika hapa, wiki hii, na yupo wa kukisoma. Tangu siku ile nimeshawasaidia majirani na watu wa kazini kama sita hivi kutafuta vipimo na utaratibu ninaoufuata ndo huu, sio mrefu ila usiruke kitu.

HATUA YA KWANZA: SOMA KARATASI YAKO WEWE MWENYEWE

Wengi tunapewa karatasi tunaikunja tunaweka mfukoni. Ifungue pale pale kabla hujatoka kwa daktari. Iwe na jina la kipimo (eksirei, ultrasaundi, CT skani, MRI, mamogramu yaani picha ya matiti), sehemu ya mwili, upande kama ni mkono au mguu, sababu ya kipimo, jina la daktari na sahihi na muhuri. Kama ni CT au MRI muulize "ni kwa dawa ya kontrasti au bila?", yaani ile dawa ya kufanya picha ionekane vizuri, kwa sababu hilo litabadilisha maandalizi na kuna sehemu litabadilisha hata kama wanaweza kukufanyia. Mwandiko ukiwa haueleweki mwombe akusomee na wewe uandike kwenye simu. Usione aibu. Nimeshaona mtu karudishwa kutoka Mwanza mpaka kwao kisa karatasi haina muhuri, nauli ya kwenda na kurudi, siku mbili zimekwenda.

Halafu ujue unatafuta nani hasa, maana hapa watu wanachanganya. Yule anayekulaza kwenye mashine, anayekwambia "vuta pumzi, usitikisike", huyo ni radiografa, mtaalamu wa mionzi. Yeye anapiga picha. Daktari bingwa wa radiolojia ndo anakaa na ile picha kwenye kompyuta, anaisoma, anaandika ripoti kwamba pingili ya ngapi imebana neva gani. Wewe mgonjwa mara nyingi humuoni kabisa huyo bingwa, labda kwenye ultrasaundi. Sasa mashine zipo sehemu nyingi siku hizi, mabingwa ndo wachache na wengi wamerundikana Dar na kwenye hospitali kubwa. Kwahiyo ukisema umepata "sehemu ya kupiga picha" bado hujamaliza, nitarudi huko chini.

HATUA YA PILI: KADI YAKO INA UWEZO GANI

Hapa nakwenda haraka. Kadi ya NHIF ya mfanyakazi ni ile ambayo inachangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu wewe nusu mwajiri, na inabeba mchangiaji, mwenza na wategemezi wanne, ambao wanaweza kuwa watoto au wazazi. Hii ndo yenye wigo mpana wa vipimo. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ile iliyokuwa elfu 30 kwa kaya ya watu 6, ni kitu kingine, inaanzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa, kwahiyo kama kipimo chako kiko hospitali ya kanda usiihesabu kabisa, anza kutafuta njia nyingine mapema (nimeandika mwishoni). Na kama uko Zanzibar wewe una mfuko wenu wa ZHSF ambao ulianza 2023, orodha ya vituo vyao ni tofauti, ukivuka kuja bara kutibiwa waulize kwanza wao kabla hujapanda boti.

Afu hakikisha kadi iko hai. Watu wanabeba kadi mwaka mzima hawajui kwamba mwajiri hajapeleka michango miezi mitatu, wanakuja kugundua dirishani mgonjwa analia. Nenda zahanati yoyote ya karibu inayotumia NHIF, waombe wakuangalizie kwenye mfumo, ni dakika mbili. Jina kwenye kadi na jina kwenye NIDA yafanane, na mtegemezi wako awe amesajiliwa kweli na picha yake inasomeka. Mama yangu kwenye mfumo alikuwa na herufi moja imezidi kwenye jina la ukoo, ikabidi niende ofisi ya mkoa ya mfuko kurekebisha. Afadhali niligundua mapema.

HATUA YA TATU: ANZA NA HOSPITALI YA RUFAA YA MKOA, SIO DAR

Hii ni kasumba yetu, mtu akiandikiwa CT tu anawaza Muhimbili. Zamani ilikuwa na mantiki, ila ule mkopo wa UVIKO wa 2021 na 2022, zile trilioni 1.3, sehemu yake ilinunua mashine za CT skani kwa hospitali za rufaa za mikoa. Kwahiyo kama ni CT ya kichwa au kifua au tumbo, swali la kwanza liwe hospitali ya mkoa wako. Eksirei na ultrasaundi usitoke hata wilayani kama hakuna sababu.

MRI ndo inakupandisha ngazi. Hapo unawaza hospitali za kanda na za taifa: Bugando kwa kanda ya ziwa, KCMC kwa watu wa kaskazini, kanda ya Mbeya kwa nyanda za juu kusini, Benjamin Mkapa kwa walio Dodoma na jirani, na Dar kuna Muhimbili, Mloganzila na MOI, ile taasisi ya mifupa. Vipimo vya saratani vina njia yake, daktari atakuelekeza Ocean Road au kitengo cha saratani cha kanda. Hospitali binafsi na za mashirika ya dini nazo zipo na nyingine zina mashine nzuri sana na foleni fupi, ila hizo ndo zinahitaji kuulizwa kwa makini zaidi kwa sababu mkataba wao na mfuko unaweza kuwa wa huduma chache tu kama ile kliniki yangu.

Na mikataba inabadilika. Mtakumbuka Machi 2024 kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko unalipia, kilipoanza kutumika, hospitali kadhaa kubwa za binafsi zikasimamisha kuhudumia wanachama wa NHIF kwa sababu ya mvutano wa bei, watu wakaamka asubuhi kadi haifanyi kazi pale walipozoea. Baadaye mambo yakatulia lakini somo ndo hilo, taarifa ya mwaka jana sio taarifa. Jirani akikwambia "mi nilifanyiwa pale bure" muulize lini.

HATUA YA NNE: ORODHA, AFU SIMU, AFU MGUU

Ingia kwenye tovuti ya NHIF, kuna orodha ya vituo vilivyosajiliwa kwa mikoa. Chukua vituo vya mkoa wako na wa jirani, toa zahanati na maduka ya dawa, utabaki na majina machache tu. Andika kwenye daftari vinne au vitano. Ile orodha inakwambia kituo kimesajiliwa, haikwambii kama mashine inafanya kazi, kwahiyo usiishie hapo.

Sasa piga simu. Usipige saa 2 asubuhi, muda huo mapokezi wamezidiwa, mtu anapokea anakata. Piga saa 8 au saa 9 mchana, foleni imepungua na wanakuwa na muda wa kuongea. Na usikubali kujibiwa na mapokezi peke yake, omba uunganishwe na idara ya mionzi au dirisha la bima, ikiwezekana wote wawili. Mi simu yangu huwa inaenda hivi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba, nikusaidie nini?"
"Samahani, naomba kuuliza, nina mgonjwa ameandikiwa MRI ya mgongo, sehemu ya kiunoni, bila kontrasti. Anatumia NHIF, ni mtegemezi. Kipimo hicho mnakifanya kwa NHIF hapo kwenu?"
"NHIF tunapokea."
"Nashukuru mama, ila naomba unisaidie kwa hiki kipimo chenyewe, cha MRI. Kuna mahali tulienda tukaambiwa mionzi haimo."
"Aa, subiri nimuulize mtu wa bima."

Umeona? Hapo kwenye "subiri" ndo jibu lako linapoanza, la kwanza lilikuwa la mazoea tu. Ukishapata mtu wa bima au wa mionzi endelea taratibu: mashine inafanya kazi leo? Foleni ya wagonjwa wa bima ni siku ngapi, maana kuna sehemu wa keshi anafanyiwa leo wa bima anapangiwa wiki ya tatu. Rufaa inatakiwa, na kutoka ngazi gani? Kibali mnaomba nyie au nakuja nacho? Kuna kitu chochote nitalipia pembeni, kontrasti, filamu, sidii? Nani anasoma picha, na ripoti inatoka baada ya siku ngapi? Mwisho kabisa muulize jina lake, "nikija nimuulizie nani?" Hilo jina litakusaidia kuliko hata kadi siku ukifika pale mtu wa zamu akakwambia kitu kingine.

Wengine watakujibu vibaya, mwingine atakwambia "njoo tu utajua hapa hapa." Usiende. Kama uko karibu tuma ndugu aende physically, yaani kwa miguu yake, na skrinishoti ya karatasi kwenye simu, aulize dirishani. Kama uko mbali tafuta kituo kingine kwenye daftari lako. Nauli ya mgonjwa na msindikizaji kutoka Sengerema au Ukerewe au Geita sio hela ya kuchezea, na mgonjwa wa mgongo kukaa kwenye hiace masaa mawili ni adhabu tosha.

Ukiwa na wasiwasi na majibu, ofisi ya NHIF ya mkoa nayo ina watu, wapigie au nenda, waulize "kituo fulani kina mkataba wa MRI?" Wao wanaona mkataba wenyewe. Na hospitali nyingi kubwa zina dawati la mfuko pale pale ndani, hao nao ni msaada mkubwa ukiwasalimia vizuri.

HATUA YA TANO: RUFAA NA KIBALI

Hapa ndo watu wengi wanakwama na wanadhani bima imewakataa kumbe karatasi ndo haijakaa sawa. Mfumo wetu ni ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, rufaa ya mkoa, kanda, taifa. Huwezi kutoka zahanati ukaruka mpaka Muhimbili kwa NHIF, watakuuliza fomu ya rufaa. Kwahiyo kama kipimo chako kiko kanda, rudi kwa daktari aliyekuandikia umwambie nimeulizia, hapa kwetu hakuna, naomba rufaa kwenda mahali fulani. Umemrahisishia kazi, ameshajua pa kuandika. Afadhali hivyo kuliko akuandikie rufaa ya jumla tu halafu wewe ndo uanze kutangatanga. Dharura haina habari ya rufaa, mtu amepata ajali au kiharusi mkimbizeni, karatasi zitafuata.

Vipimo vikubwa kama MRI na CT vinaombewa kibali cha mfuko kabla havijafanyika. Siku hizi hospitali yenyewe inaomba kwenye mfumo, sio ile ya zamani ya kutembea na karatasi mpaka ofisi za mfuko kugongewa muhuri. Lakini kibali kinaangalia maelezo ya daktari. Ameandika "maumivu ya mgongo" basi, kinaweza kurudi kwamba maelezo hayatoshi. Ameandika mgonjwa ana maumivu wiki 10, ganzi mguu wa kushoto, nguvu za mguu zimepungua, dawa na mazoezi vimeshajaribiwa, hapo hamna wa kuuliza. Na kama ni daktari bingwa aliyekuandikia ndo inapita kirahisi zaidi. Kwahiyo ukiwa kwa daktari eleza kila kitu, usifupishe, usiseme tu "naumwa mgongo daktari." Mama yangu alikuwa hajasema habari ya ganzi kabisa, anaona aibu kutaja kalio mbele ya kijana mdogo! Mi ndo nikasema, na daktari pale pale akabadilisha maelezo.

Kibali kikichelewa muulize mtu wa dirisha la bima kistaarabu kama ombi limeshatumwa. Mara nyingine halijatumwa, linasubiri mtu arudi kutoka lanchi.

HATUA YA SITA: SIKU YENYEWE

Beba kadi, kitambulisho cha NIDA, karatasi ya kipimo, rufaa, na picha za zamani kama zipo, hata ile eksirei ya mwaka 2019 iliyo chini ya godoro. Bingwa anayesoma anapenda sana kulinganisha. Mgonjwa mwenyewe lazima awepo kwenye kuhakikiwa, kuna sehemu wanaweka kidole, kuna sehemu wanapiga picha ya uso, kwahiyo usiende wewe na kadi ya mama ukidhani utamwandikisha kwanza halafu aje. Wazee wengi vidole havisomi kwa sababu ya kazi za shamba, wa kwetu tulijaribu vidole sita mpaka kikakubali cha kati, mpake mafuta kidogo ufute, inasaidia.

Maandalizi uliza kwenye simu mapema, ila kwa kawaida ultrasaundi ya tumbo wanataka usiwe umekula masaa kama 6, ultrasaundi ya nyonga na kizazi wanataka kibofu kimejaa, kunywa maji mengi usikojoe. CT ya kontrasti watataka kipimo cha figo kwanza, kreatinini, fanya hicho kwenye maabara ya karibu na kwenu kwa bima yako uende nacho, usikifanye kule ukapoteza siku. Mwenye kisukari anayemeza metformin aseme, mwenye aleji aseme, mwanamke ambaye hana uhakika kama ana mimba aseme kabla ya eksirei au CT. MRI ni sumaku kubwa, mwenye betri ya moyo, chuma kilichowekwa mwilini, hata kipande kidogo cha chuma kilichowahi kuingia jichoni kwa wale mafundi wa kuchomelea, aseme. Vua hereni, pini za nywele, saa, mkanda. Mama alikuwa na hirizi ya ndugu yake kiunoni, ndani yake kuna kichuma, nesi akaicheka kwa upole akamwambia "bibi, hii utaivaa ukitoka." Na mwambieni mgonjwa kabla kwamba mle ndani ni kelele kama mtu anagonga bati na kwamba atalala bila kutikisika kama nusu saa. Akijua, hataogopa.

Suala la hela pembeni. Kipimo kikishakuwa kwenye kitita na kituo kina mkataba nacho, haitakiwi uambiwe "ongezea elfu 50 tukufanyie leo." Ukiambiwa hivyo usigombane, sema "naomba uniandikie kwamba ni ya nini, na risiti ya mfumo." Mara nyingi inayeyuka palepale. Isipoyeyuka piga namba ya huduma kwa wateja ya mfuko ukiwa hapo hapo dirishani, weka spika. Ila uwe mkweli pia, kuna vitu kweli havimo kwenye mafao na utalipia, ndo maana nilisema uliza kwenye simu.

Na usisaini fomu ya madai ambayo haijajazwa. Soma kilichoandikwa, umefanyiwa kipimo kimoja isiandikwe viwili. Watu wanasaini tu kwa sababu wana haraka ya kuwahi gari.

HATUA YA SABA: RIPOTI

Umetoka kwenye mashine, usiondoke bila kujua ripoti inatoka lini na unaipataje. Picha bila ripoti ni kama barua ya lugha usiyoijua. Hospitali nyingi za mikoa mashine ipo ila bingwa wa radiolojia hayupo au anakuja siku maalum, kwahiyo picha inatumwa kwa mtandao inasomwa na bingwa aliyeko hospitali kubwa, ndo hiyo tiba mtandao. Haina ubaya wowote, bingwa wa Dar anaisoma vilevile, ila inachukua siku na kuna wakati inasahaulika kwenye foleni. Weka namba yako ya simu pale na siku ya ahadi ikipita piga.

Ripoti ikija angalia mambo manne tu: jina na umri ni vyako, kipimo na upande ni sahihi, kuna hitimisho mwishoni, na kuna jina la bingwa na sahihi. Ukitaka kuhakikisha daktari ana leseni, rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika inaangaliwa mtandaoni. Na kwa mashine za mionzi, TAEC, tume ya nguvu za atomiki, ndo wanazikagua na kuzipa leseni, kituo kinachojielewa utakuta cheti kimebandikwa ukutani kwenye chumba cha eksirei. Hivi vichumba vya uchochoroni vya "eksirei elfu 15" mi sipiti, hata kama wana stika.

UKIKWAMA KABISA

Mashine imeharibika siku uliyofika: usikubali "njoo wiki ijayo" kirahisi kama umetoka mbali. Waombe wakuandikie kwamba kipimo hakipatikani kwa sasa, na rufaa kwenda kituo kingine cha NHIF, na kibali kihamie huko. Muombe mtu wa dawati la mfuko akusaidie, ndo kazi yake. Sisi ndo ilivyotukuta kwenye hospitali ya pili, karatasi ile moja ikatuokoa, siku tatu baadaye mama akafanyiwa Bugando kule juu mlimani.

Kadi yako haifiki: kama mgonjwa ana miaka 60 na zaidi na hana uwezo, kuna msamaha wa wazee kwenye hospitali za serikali, nenda na utambulisho wa serikali ya mtaa au kijiji na kitambulisho cha mzee. Kwa wengine nenda ofisi ya ustawi wa jamii pale pale hospitalini, kila hospitali ya wilaya na mkoa inayo, mara nyingi ni kachumba kadogo hakana kibao. Nenda kabla kipimo hakijafanyika, ukishafanyiwa ukaja na bili wanashindwa kukusaidia. Na muulize daktari swali ambalo watu hawaliulizi: "kuna kipimo cha chini kinachoweza kutosha kwa sasa?" Wakati mwingine eksirei na ultrasaundi zinatosha kuanza tiba na MRI inasubiri.

Filamu usiikunje na usiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Sidii andika jina na tarehe kwa kalamu ya maka juu yake, ripoti ipige picha uitume kwenye wasap yako mwenyewe na ya ndugu mwingine mmoja, halafu rudi kwa daktari yule yule aliyeandika kipimo, na kwenye ile rufaa kuna sehemu ya kumrudishia majibu, hakikisha wamejaza.